Ngumi za marudiano: Aliyepigwa ana nafasi gani?

Kila linapotangazwa pambano la marudiano, mabishano huwa ni yale yale, iwe ni kijiweni Manzese au kwenye mgahawa wa Waswahili jijini London. Upande mmoja husema aliyeshinda mara ya kwanza atashinda tena, kwa sababu mwenzake ameshamwogopa. Upande wa pili husema aliyepigwa amekwishajifunza, hivyo zamu hii ni yake. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini katika ngumi anayekubali kushindwa ndiye hasa anayetakiwa kutazamwa kwa makini, maana huenda ndiye aliyerudi mazoezini.

Historia haimpi upande wowote ushindi wa bure. Oleksandr Usyk wa Ukraine alimpiga Anthony Joshua mwaka 2021 akampiga tena mwaka 2022. Mei 2024 alimshinda Tyson Fury mjini Riyadh kwa kura za majaji wawili dhidi ya mmoja, na Desemba mwaka huo huo akamshinda tena, safari hii majaji wote watatu wakiandika 116 kwa 112. Kwa upande mwingine, Joshua huyo huyo alipigwa na Andy Ruiz mjini New York Juni 2019, akaenda chini mara nne, lakini miezi sita baadaye akarudisha mikanda yake kwa pointi nyingi.

Sasa tofauti iko wapi? Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, yapo maswali matatu ambayo mshabiki anapaswa kujiuliza kabla hajatia fedha yake kwenye mkeka wa kubashiri.

La kwanza: pambano la mwanzo liliamuliwa na nini? Kama ni uzembe au bahati, mambo yanaweza kugeuka. Kama ni ufundi, mara nyingi hayageuki. Mfano mzuri ni wa hapa hapa Afrika. Aprili 2001, Lennox Lewis alikwenda Brakpan, Afrika Kusini, kupigana na Hasim Rahman. Mji ule uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mtu yeyote wa Mombasa aliyewahi kwenda kucheza mpira Nairobi anajua pumzi inavyokata huko juu. Lewis alichelewa kufika, kwani alikuwa Las Vegas akishiriki katika filamu. Raundi ya tano akala konde moja la kulia, akalala. Je, Rahman alikuwa bondia bora kuliko yeye? Hapana. Novemba mwaka huo Lewis alikuja akiwa amepungua zaidi ya kilo tatu, akamlaza Rahman raundi ya nne.

Usyk na Fury ni kesi nyingine kabisa. Usyk hakushinda kwa konde la bahati, ameshinda kwa miguu, kwa pembe anazopigia, na kwa mbio anazozidisha raundi za mwisho. Vitu hivyo mpinzani hawezi kuviondoa kwa kufanya mazoezi miezi saba.

La pili: kila mmoja alifanya nini katikati ya mapambano mawili? Hapa mizani husema ukweli kuliko mabondia wenyewe. Ruiz alimpiga Joshua akiwa na kilo 121 na ushee. Kwenye marudiano, Diriyah nchini Saudi Arabia, alipanda akiwa na zaidi ya kilo 128, na baadaye akakiri kwamba sherehe zilimzidi. Joshua yeye alishuka kutoka kilo 112 hadi 107 na ushee, akapiga na kukimbia raundi zote 12. Aliyeona mizani siku ya kupima uzito alikuwa na jibu tayari mkononi.

La tatu, ambalo mashabiki wengi hawaliulizi, ni mkataba. Nani kaamua mahali, tarehe na uzito? Aprili 2025, Chris Eubank Jr alimshinda Conor Benn mjini London katika uzito wa pauni 160, kwa masharti kwamba asubuhi ya siku ya pambano asizidi pauni 170. Alizidi kidogo mno siku ya kupima, akatozwa faini ya pauni za Kiingereza 375,000. Masharti hayo yalirudi kwenye pambano la Novemba 2025. Benn hakuja tena kurusha ngumi ovyo, alisubiri na kuchagua, akamwangusha Eubank mara mbili raundi ya mwisho. Sifa ni zake, lakini mwili wa Eubank ulikuwa umebanwa na kalamu kabla haujabanwa na glovu.

Hata Lewis hakupata marudiano yake kwa huruma. Rahman alitaka kupigana na mwingine kwanza, Lewis akaenda mahakamani New York na kifungu cha mkataba, akashinda.

Hapa ndipo linapotugusa sisi. Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa Birmingham kuziba nafasi, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mbele ya watu wake. Septemba 2022 alikwenda Liverpool, akasimamishwa na Liam Smith raundi ya nne, na baada ya pambano akalalamikia viatu na maumivu ya mguu. Tuache kama malalamiko yale yalikuwa na uzito au la. Smith alikwenda mbele, Januari 2023 akamwangusha Eubank raundi ya nne, na Eubank akapewa marudiano Septemba mwaka huo huo, akalipiza kisasi raundi ya kumi. Mwakinyo hakupewa.

Si kwamba kuna njama. Marudiano hununuliwa na tiketi na televisheni, na bondia anayeitwa kuziba pengo husaini karatasi aliyoandikiwa na mwenye ukumbi. Hata George Foreman, kwa jina lake lote, alimwomba Muhammad Ali marudiano baada ya Kinshasa 1974, asiyapate hadi anakufa mwaka 2025.

Kwa hiyo mshabiki, ukisikia marudiano, usitazame tu video ya konde la mwisho. Tazama mizani, halafu uliza mkataba unasemaje. Na kwa mabondia wetu wanaopanda ndege kuja kupigana huku, ushauri ni mmoja: kabla ya kusaini, tafuteni mwanasheria awasomee. Bila kifungu cha marudiano, anayeteleza usiku mmoja ugenini hapati usiku wa pili wa kuonyesha kwamba aliteleza tu.