Usipake rangi motokari ya marehemu baba yako

Leo sitaandika juu ya umeme unaokatika wala juu ya mashimo ya barabara. Nitaandika juu ya motokari zinazolala. Muko nazo, ao jirani yenu iko nayo: ile yenye kufunikwa bashi mu garaji ya nyuma ya nyumba, magurudumu yamekwisha pumzi, kuku anataga kwenye kiti. Watoto wamezaliwa, wamekomaa na wameoa bila kuiona ikitembea hata siku moja.

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa kwetu, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, aliniita. "Papa, kuya uone," akasema. Kijana alikuwa amefika toka Lubumbashi, amevaa vizuri, na alimwambia hivi: "Mama, hii kitu haina tena kazi. Nitakupatia bei ya mitraye, na juu yake mfuko moja ya unga." Ile "kitu" ni Volkswagen Karmann Ghia ya milango miwili. Rangi yake ya kwanza ingali juu yake, na konteri inaonyesha kilomita 41.000 na kidogo. Mama alikuwa karibu kukubali. Nikamwambia: "Mama, ngoja kwanza." Njo sababu ninaandika.

Maoni yangu ni haya. Motokari ya zamani ya mbio, iliyotembea kidogo na ambayo hakuna mtu aliyeitengeneza upya, si mitraye. Iko na bei yake, na ile bei iko na sheria zake. Asiyejua zile sheria anaumia, akiwa mwenye kuuzisha ao mwenye kununua: wa kwanza anatupa mali, wa pili anaokota uongo. Ninasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza.

Baba yangu alikuwa mekano mu ateliers za Panda. Kisha ile zairianisation ya tarehe 30 Novemba 1973, mgeni mmoja aliyekuwa na duka hapa mjini alifunga mizigo akaenda. Alikuwa na deni la kazi kwa baba, akalilipa kwa Peugeot 504 coupé ya mwaka 1972, na karatasi aliiandika kwa mkono wake na kutia sahihi. Baba aliiendesha Jumapili tu, kwenda misa na kurudi, na mara moja moja Lubumbashi, kilomita 120. Halafu piesi zikakosekana, esanse nayo ikakosekana. Mu 1991, wakati wa uporaji, aliificha nyuma ya ukuta wa matofali. Haikutoka tena. Alipofariki ilikuwa na kilomita 52.000.

Sisi watoto tukajiona wenye akili. Tukasema: nani atanunua motokari ya mavumbi? Tukaita mpaka rangi, akaziba kila kovu kwa mastiki na kuipaka nyekundu, ingawa ilitoka Ufaransa na rangi ya bluu. Viti vya kwanza tukavitupa, tukaweka skayi mpya. Makaratasi ya baba, yale madaftari ya garaji, risiti, na ile karatasi ya mgeni, yote tukayachoma pamoja na takataka nyingine. Mnunuzi alipofika akaizunguka polepole, akagonga mlango kwa kidole, akatikisa kichwa. "Mungeniachia ile ya mavumbi," alisema, "ningewapatia mara tatu." Tulicheka. Tulipomaliza kugawana zile dolari, tulinyamaza.

Kwa nini mavumbi yawe na bei kuliko rangi mpya? Si wazimu wa Wazungu. Rangi mpya inaficha. Chini yake kunaweza kuwa chuma kizima, kunaweza kuwa kutu na mastiki kilo tano, na mnunuzi haoni. Rangi ya kwanza inasema wazi: hapa iligongwa, hapa maji yaliingia, hapa haijaguswa hata siku moja. Tena, kila mtu mwenye pesa anaweza kununua rangi ya pili. Rangi ya kwanza haiuzwi mu duka lolote. Ikikwanguliwa, imekwisha.

Dunia imeelewa hilo siku nyingi. Mu Februari 2015, kule Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuzisha motokari karibu sitini zilizokuwa zimelala mu mabanda ya magharibi ya Ufaransa, nyingi zimekula kutu. Moja, Ferrari 250 GT California Spider ambayo zamani ilikuwa ya mwigizaji Alain Delon, ilikutwa chini ya marundo ya magazeti ya zamani. Hakuna aliyeipaka rangi mbele ya kuiuzisha. Ikapita euro milioni 16. Shirikisho la kimataifa la motokari za zamani, FIVA, linasema motokari ya historia ni ile yenye miaka 30 ao zaidi, iliyohifadhiwa namna ilivyokuwa, na ambayo si ya kutembelea kila siku. Na karibu yetu, kule Kenya, tangu 2003 kunafanywa Safari ya motokari za zamani peke yake. Wenzetu wa Nairobi na Mombasa wanajua vizuri kwamba Peugeot 504 coupé, ndugu ya ile ya baba yangu, njo ilishinda Safari ya 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas.

Lakini tusidanganyane. Ile Ferrari zilitengenezwa chini ya 60 za namna yake. Karmann Ghia zilitengenezwa zaidi ya 400.000. Mama wa hapa kwetu hatapata milioni, na atakayemwambia vile ni mwongo sawa na yule wa mfuko wa unga. Bei inatoka mu maswali matatu: ni motokari gani, ingali nzima kadiri gani, na unaweza kuhakikisha nini. Kilomita chache ni sehemu tu ya swali la tatu.

Sasa niseme na wewe mwenye kununua. Konteri za wakati ule nyingi ziko na namba tano tu. Zikifika 99.999 zinarudi sifuri. Kwa hiyo 41.000 inaweza kuwa 141.000, bila mtu kufanya ubaya wowote. Angalia mpira wa pedali: ukilika mpaka chuma kinaonekana, ile si motokari ya 41.000. Angalia volani mahali mikono inashika, kitambaa cha kiti upande wa shofere, na bawaba za mlango: unyanyue mlango, ukicheza, umefunguliwa mara nyingi. Uliza daftari za garaji, soma tarehe na kilomita, uone kama zinapanda kwa utaratibu. Tazama mipira ya magurudumu: ile ya tangu mwaka 2000 iko na namba nne zenye kuonyesha juma na mwaka, ile ya mbele ya hapo iko na tatu. Mipira ya zamani haifai kutembelea, lakini inaweza kushuhudia kwamba motokari imelala kweli.

Beba sumaku ndogo iliyofungwa mu kitambaa. Pitisha polepole kwenye mbavu na chini ya milango. Pale inaposhika ni chuma, pale inapoanguka ni mastiki. Kwa Karmann Ghia anza na pua: iliungwa kwa vipande vingi vya chuma na kusuguliwa kwa mkono kule kiwandani, na kuitengeneza ikigongwa ni gharama kubwa. Kisha linganisha namba ya shasi na ile ya karte roze, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, rudisha pesa mfukoni.

Jambo lingine: kulala si afya. Watu wanafikiri motokari isiyotembea haichakai. Inachakaa kwa namna yake. Esanse inageuka gundi, tangi inaliwa na kutu, mipira ya freni inakauka, panya anakula nyaya, pistoni zinashikana. Hapa kwetu mvua inapiga miezi mingi, na banda lenye kuvuja linaua kuliko barabara. Kwa hiyo usikubali waunge bateri ya Toyota na kusukuma "tuone kama iko muzima". Namna ile njo unavunja motere iliyokuwa salama. Toa plagi, tia oili kidogo mu silinda, acha siku mbili tatu, kisha zungusha kwa mkono. Ikizunguka, una neno la kuzungumza juu ya bei. Ikikataa, una neno pia.

Na ile bei yenyewe? Tafuta motokari ya namna ile, nzima na yenye kutembea, inauzishwa ngapi kule zinakotafutwa. Toa gharama ya freni, tangi, mipira na motere. Toa usafiri, ushuru na makaratasi. Usitoe bei ya mavumbi, wala ya mikwaruzo, wala ya kiti kilichopauka. Vile si kasoro, njo mali yenyewe. Yule kijana alihesabu mavumbi kama deni la mama, wakati akijua kwamba kesho atayahesabu kama faida yake.

Kunabaki swali ambalo mu Likasi hatupendi kuuliza: motokari ilifikaje mu ile nyumba? Wazee wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, familia nzima nzima zikilala kwenye gare ya Likasi kungoja treni. Wengi waliacha nyumba, waliacha vyombo, na wengine waliacha motokari. Kitu kilichoachwa kwa woga si kitu kilichopewa. Motokari ya kilomita 30.000 yenye rangi safi lakini isiyo na karatasi hata moja, mimi siinunui, hata kama bei ni tamu. Pengine mwenyewe angali hai kule Mbuji-Mayi, na angali anakumbuka namba ya shasi.

Hata pale mali ni ya haki, mjane peke yake hatoshi kutia sahihi. Kanuni ya familia ya mwaka 1987 inawaweka watoto wa marehemu mu kundi la kwanza la warithi. Mnunuzi mwenye akili atadai sahihi za wote, kusudi mwaka kesho asipate yaya mukubwa toka Kolwezi mbele ya mlango wake na polisi. Sisi, kisha kuchoma ile karatasi ya mgeni, hatukuweza kuhakikisha hata kwamba baba alilipwa kwa haki. Mnunuzi alitukata pesa juu ya hilo pia, na hakukosea.

Ninajua watakaonijibu: "Papa, njaa haingoji. Utamwambia mama akule rangi ya kwanza?" Ni neno la kweli, sitalikimbia. Mjane mwenye mtoto aliyefukuzwa shule juu ya minerval hawezi kukaa miaka akingoja tajiri. Mimi sisemi asiuzishe. Ninasema asiuzishe siku ile ile, na asiuzishe bila kujua anauzisha nini. Juma moja linatosha. Hapa Likasi tungali na wazee waliofanya kazi Panda na Shituru, mikono yao inajua chuma kuliko kompyuta yoyote. Wengi wanakaa tu, pansio haitoshi hata chumvi. Mwite mmoja, mpe kitu kidogo, atazame. Mtoto wa nyumba apige picha kwa telefone: namba ya shasi, motere, chini, ndani, konteri. Andikeni ukurasa mmoja: ni motokari gani, imetoka kwa nani, inakosa nini. Wekeni makaratasi yote mu bahasha moja, hata risiti ya esanse ya 1970. Kisha wanunuzi wawili ao watatu waje, kila mmoja na bei yake. Njaa ya mama haitaongezeka kwa sababu ya ukurasa mmoja, na pengine itapata dawa kubwa zaidi.

Na ninyi vijana wa kununua na kuuzisha, sisemi faida ni dhambi. Nyinyi njo munajua soko, nyinyi njo munalipa usafiri. Lakini mtu akisema "haina kazi" juu ya kitu anachokitaka kwa moyo wote, ile si biashara. Sema bei yako, acha mama aseme yake.

Tulifanya vile kwa ile Karmann Ghia. Mzee mmoja wa Panda aliitazama asubuhi nzima. Pua ni ya kwanza, haijagongwa. Chini ya mlango wa kushoto kuna kutu. Motere inazunguka kwa mkono. Karte roze iko, na namba ni zile zile. Pedali hazijalika. Kila kitu kimeandikwa, na watoto watatu wamekwisha kutia sahihi. Tunangoja wa nne.

Yule kijana amerudi mara mbili. Mara ya pili hakusema tena mitraye, na mifuko ya unga ilikuwa mitatu. Mama alimpatia maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka kwenye porte, kisha akaniangalia. "Papa," akasema, "kitu yenye haina kazi, inarudisha mutu mara mbili?"