Mti una bei na sheria, hepatika haina hata kimoja

Katika milima ya Kivu, mti wa Prunus africana unajulikana kwanza kwa ganda lake. Ganda hilo hukaushwa na kusafirishwa hadi Ulaya, ambako linatengenezwa dawa za wanaume waliovimba tezi dume. DRC ni mojawapo ya nchi zinazoliuza. Mti wenyewe, wenye maua madogo meupe, umo katika Orodha Nyekundu ya UICN. Sababu haifichiki: mvunaji mwenye haraka huchuna ganda kuzunguka shina lote, na mti uliochunwa hivyo hufa. Anayechuna sehemu tu na kuacha nyingine anaweza kuurudia baada ya miaka.

Bei ndiyo inayouua, lakini bei hiyo hiyo ndiyo iliyouletea sheria. Tangu mwaka 1995 mti huo uko katika Kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ganda halipaswi kuvuka mpaka bila kibali. Sheria hukiukwa, ndiyo, ila ipo. Na mche unaweza kupandwa shambani.

Mbali na Kivu, magharibi mwa Ecuador, kuna mmea usio na bahati hiyo. Spruceanthus theobromae ni hepatika, yaani kimea kidogo cha kijani kisicho na ua, mbegu wala mizizi ya kweli. Huota juu ya ganda la mikakao. Mwingereza Richard Spruce alikikusanya karne ya 19, kisha kikapotea machoni pa wataalamu hadi 1997.

Hakuna anayekiuza, hivyo mkataba wa biashara hauna cha kuzuia. Hatari yake ni mkulima anayeng'oa mikakao mizee, naye hana kosa: mti uliochoka haumlishi. Wakulima wa kakao wa Beni na Mambasa wanaielewa hesabu hiyo. Lakini hepatika hunywa maji kwa mwili wake wote. Shina likianguka na kivuli kikiondoka, hukauka, na hakuna pepinieri inayotoa miche yake.

Hepatika za aina nyingine huota kwenye mashina ya misitu ya milima ya Kivu pia. Ganda likichunwa, zilizoshikamana nalo huondoka pamoja nalo, wala kibali cha kusafirisha hakizitaji.