Somo la simu liwekewe kanuni: waraka wa wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na ya Vyuo Vikuu, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Tunajua meza yako imejaa mafaili, kwa hiyo hatutazunguka. Tunakuandikia kutoka Goma juu ya masomo ya chuo kikuu yanayofundishwa nusu kwa simu na nusu darasani, bila mtu yeyote kuandika popote nusu ipi ni ipi.

Vyuo vyetu vimeishi miaka mingi kwa maprofesa wageni. Profesa alishuka kwa ndege akitoka Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani, akafundisha asubuhi hadi jioni kwa wiki moja au mbili, akatoa mtihani, akapanda tena ndege. Tuseme ukweli, hata huo haukuwa utaratibu wa kujivunia. Lakini mwishoni mwa Januari 2025 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 na uwanja wa ndege ukafungwa. Siasa ya vita tunawaachia wenyewe. Tunachosema ni kwamba profesa aliyelazimika kuzungukia Kigali au Entebbe mara nyingi hakuja kabisa. Akatuma sauti.

Ukipita jioni katika nyumba za wanafunzi mtaani Katindo utawakuta wanne au watano wamezunguka simu moja, iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Somo linakuja vipande vipande kwenye WhatsApp: sauti ya dakika tano, nyingine ya tatu, kisha PDF ya silabasi ambayo CP, yaani kiongozi wa darasa, atakwenda kuitoa kwenye fotokopi. Aliyenunua mega za intaneti ndiye anayeshika simu, na ndiye anayeamua wapi warudie na wapi waruke. Rezo ikikatika, wanasubiri usiku. Swali halina wa kuulizwa. Mwisho wa yote, kwenye karatasi ya chuo, masaa ya somo yanaandikwa yote kana kwamba profesa alisimama mbele yao na chaki. Je, Wizara inalijua hilo? Na kama inalijua, inalihesabu vipi?

Usituelewe vibaya, Mheshimiwa. Hatuombi simu ziondolewe. Kati ya Machi 2020 na Mei 2021 wanafunzi wa Goma walitolewa darasani mara tatu: mara mbili kwa sababu ya korona, kisha volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei na siku chache baadaye mitaa mingi ikaamriwa kuhama. Watu walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka, Rwanda, madaftari yakabaki nyumbani. Mji unaokaa chini ya volkano na kando ya vita unahitaji somo linaloweza kuhama pamoja na mwanafunzi kuliko mji wowote wa nchi hii. Ndiyo maana tunataka lifanywe kwa utaratibu.

Ombi letu la kwanza ni kanuni iliyoandikwa. Mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ulioenezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022, tayari unahesabu kazi anayofanya mwanafunzi nje ya darasa. Basi Wizara iseme, somo kwa somo, ni masaa mangapi yanaweza kwenda kwa mtandao na mangapi lazima yafanyike ana kwa ana. Historia ya sheria inaweza kusikilizwa kwenye simu. Muuguzi hajifunzi kushika mshipa wa mgonjwa kwenye skrini, na fundi wa umeme hajui waya mpaka ameushika. Kwa hao, na kwa staji zao, hatutaki kusikia habari ya PDF.

La pili, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote: maasistenti na wakuu wa kazi (chefs de travaux) wako hapa hapa Goma. Wanawajua wanafunzi kwa majina na wanajua nani hana simu. Kwa desturi yetu somo ni la profesa, na asistenti humsaidia. Leo asistenti ndiye anayefafanua sauti za profesa na kusahihisha kazi, mara nyingi bila karatasi inayomtambua wala malipo ya kazi hiyo. Profesa atoe mhadhara kwa mtandao, asistenti akae na wanafunzi kwenye oditwari kwa maswali na mazoezi, na wote wawili waandikwe na walipwe. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, intaneti ikiwa bado haijawafikia watu wa kawaida. Mwanafunzi husoma akiwa mbali, lakini ana kituo cha mkoa cha kwenda, kukutana na walimu na kufanyia mtihani. Kinachotushinda sisi ni nini, wakati walimu tunao?

La tatu ni fedha. Mzazi analipa ada kamili, kisha analipa mega, kisha fotokopi. Tunaomba uzungumze na Vodacom, Airtel na Orange ili kurasa za masomo zifunguke bure, na kila chuo kiweke mihadhara iliyorekodiwa kwenye mashine yake ya ndani, mwanafunzi aichukue akiwa chuoni bila kutumia hata mega moja.

La mwisho, mitihani. Ifanyike darasani, mbele ya msimamizi, jina na uso vikilingana. Diploma za watoto hawa zinahitaji kutambuliwa na Wizara yako, na tayari wanaulizana mitaani kama zitakubaliwa kesho huko Kinshasa. Wizara ikikaa kimya, kila mwajiri atajijibu anavyotaka.

Mheshimiwa Waziri, tunaomba jibu la maandishi kabla mwaka mpya wa masomo haujafunguliwa, hata kama ni la ukurasa mmoja. Tutalichapisha lote, bila kupunguza neno.

Kwa heshima,
Wahariri, Goma