Sinema Zilizotutisha Tulipokuwa Watoto



Juzi jioni mvua ilitufungia ndani. Ninyi mnaokaa Tukuyu na vijiji vya Rungwe mwaijua mvua yetu: ikianza saa kumi alasiri, aliye shambani ajue kwamba atarudi ameloa. Basi tulikaa jikoni kuzunguka moto, watu wazima wanne na watoto watatu, tukichoma mahindi. Mpwa wangu akatoa simu yake akasema, "Mjomba, nimeipata ile filamu yenu ya zamani." Akaiegemeza kwenye kinu ili wote tuione.

Ilikuwa ni Mr. Vampire, filamu iliyotengenezwa Hong Kong mwaka 1985. Ndani yake wafu waliovaa majoho hutembea kwa kurukaruka, miguu pamoja, mikono imenyooshwa mbele. Ukitaka wasikugundue, huna budi kuziba pumzi. Ukitaka wasimame, wabandike karatasi ya njano yenye maandishi kwenye paji la uso.

Sisi wakubwa tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Weupe wa nyuso za wale wafu waonekana wazi kuwa ni rangi ya kupaka. Lakini mfu mmoja alipomkaribia mtu aliyejificha, nilijikuta nimeziba pumzi. Nikamtazama kaka yangu: naye alikuwa ameziba pumzi! Karibu miaka thelathini imepita tangu tuione mara ya kwanza, na bado miili yetu ilikumbuka.

Sasa tuulizane, ndugu msomaji. Mtu mzima mwenye watoto wake, aliyekwisha kuzika wazazi na kuonja taabu za kweli, kwa nini afurahi kukirudia kitu kilichomtisha utotoni, tena kitu kibovu hivyo?

Kwanza nikukumbushe tulivyoziona. Tanzania bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na hata baada ya hapo kijijini kwetu hapakuwa na umeme. Ilitubidi kwenda mjini Tukuyu, kwenye banda la video. Mwaka 1997 nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Siku za soko tuliuza maparachichi kwa abiria wa mabasi, na sarafu tulizopata tukampa mwenye banda mlangoni.

Ndani palikuwa na giza, maana madirisha yalizibwa kwa magunia. Televisheni moja, deki moja, na nje jenereta ikinguruma. Sisi watoto tulikaa chini mbele, watu wazima nyuma juu ya mabenchi. Filamu zilikuwa za lugha tusizozijua, lakini katika nchi yetu walitokea watu hodari wa kuzisimulia kwa Kiswahili. Aliyejulikana kuliko wote ni Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye sauti yake iliingizwa juu ya filamu za kigeni. Kwetu banda lilikuwa na msimulizi wake mwenyewe, na mvua ilipopiga bati ilimbidi apige kelele. Wale wafu wa Kichina walipoanza kurukaruka alipaaza sauti, "Zibeni pumzi!" Nasi banda zima tukaziba.

Baadaye zikaja filamu za Nigeria. Ile ya mwaka 1992 iitwayo Living in Bondage ilikuwa habari ya Andy, mwanamume aliyemtoa mkewe Merit kafara ili apate utajiri, kisha mzuka wa mkewe ukamwandama. Nyingine ni Karishika, habari ya malkia wa mashetani aliyetumwa duniani kuwapotosha watu. Nayo ilisimuliwa kwa Kiswahili hapa nchini. Filamu hizo zilitutisha kuliko za Kichina, na sababu yake naijua leo. Wachina wale walivaa nguo tusizozijua katika nchi tusiyoijua. Lakini Wanigeria walipiga picha katika nyumba za kawaida, zenye kinu, sufuria na migomba uani. Uovu ulikaa mahali panapofanana na kwetu.

Nikisema zilikuwa mbovu, siwadharau waliozitengeneza. Hila walizotumia ni za zamani mno. Mfaransa Georges Méliès alitengeneza mwaka 1896 filamu fupi ya dakika chache tu, yenye popo anayegeuka kuwa shetani. Wengi huihesabu kuwa filamu ya kwanza ya kutisha duniani. Hila yake ni rahisi: mwambie mwigizaji asimame, simamisha kamera, mwondoe, kisha endelea kupiga picha. Mtazamaji ataona mtu ametoweka. Na mwaka 1968 Mmarekani George Romero alipotengeneza Night of the Living Dead, filamu ya wafu wanaokula watu, alitumia rojo la chokoleti kuwa damu, maana filamu haikuwa ya rangi na hakuna ambaye angejua. Watu waliokimbia ile damu walikuwa wakikimbia kitu cha kupaka kwenye mkate!

Sasa nirudie swali letu. Mimi naona sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba woga ule hatukuubeba peke yetu. Sinema ilipokwisha ilitubidi kurudi kijijini gizani, kupitia mashamba ya chai na migomba. Mwajua jinsi majani ya mgomba yanavyofanya usiku: huinama, hugusana, hunong'ona kama watu. Tulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu ameshika shati la mwenzake, na ugomvi wetu wote ulikuwa nani awe wa mwisho. Mmoja wetu alichana karatasi za daftari, kila mtu akabandika yake kwenye paji la uso kwa mate. Tulipofika nyumbani tulichapwa kwa kuchelewa na kwa kuharibu daftari. Hata hivyo tuliofuatana usiku ule tungali marafiki mpaka leo. Tukiiona tena filamu, kwa kweli twaiona ile njia na wale wenzetu. Mmoja wao amekwisha kufariki, na katika kicheko cha juzi nilimkumbuka sana.

Sababu ya pili ni ule ubovu wenyewe. Mtoto aliyekimbizwa na mbwa hapendi kupita njia ile. Lakini akiwa mkubwa akimkuta mbwa yule yule amezeeka, hana meno, hucheka na kumpapasa kichwa. Hivyo ndivyo tulivyo mbele ya filamu hizi. Rangi twaiona, damu ya bandia twaijua, nasi twafurahi kwamba kilichotushinda zamani hakituwezi tena. Maisha hayatupi nafasi hiyo mara nyingi. Woga wa ugonjwa, wa deni, wa kufiwa, hauna mwisho baada ya saa moja na nusu, wala hauna mwenye banda wa kuwasha taa na kusema, "Haya, tokeni."

Basi hayo ni mazuri, nami sioni aibu kuyasema. Lakini juzi, sisi tulipokuwa tukicheka, binti mdogo wa kaka yangu hakucheka. Ana miaka saba. Alinivuta mkono akaniuliza polepole, "Baba mdogo, na yule bibi wa pale juu, naye ni hivyo hivyo?"

Kicheko kikakoma, maana mimi na kaka yangu tulilikumbuka jambo tulilolinyamazia miaka mingi.

Mwaka ule wa 1997 tuliona filamu moja ambayo mchawi wake alikuwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Jina lake nimelisahau, ila macho sijayasahau. Karibu na kwetu aliishi bibi mmoja mjane, na macho yake yalikuwa mekundu. Kabla ya filamu ile tulipita kwake kila siku, tukisema shikamoo, naye akatupa ndizi za kuchoma. Baada ya filamu tulizunguka njia ya mbali. Kisha tukawaambia wenzetu shuleni. Wenzetu wakawaambia wengine. Haikupita juma moja, watoto wa kijiji kizima walikuwa wakitimua mbio wamwonapo. Yeye alidhani twacheza.

Siku moja mama yetu alikutana naye kisimani. Bibi akamwuliza, "Mwanangu, nimewakosea nini wajukuu zangu? Mbona hawapiti tena?"

Mama hakutuchapa. Alitushika mikono akatupeleka jikoni kwa yule bibi. Ilikuwa jiko dogo lisilo na dirisha, kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, na moshi ulijaa mpaka darini. Mama akasema, "Kaeni hapa mumpikie bibi chai." Tukakaa. Tukapuliza moto, tukakohoa, tukafuta machozi. Chai ilipochemka mama akatutoa nje kwenye mwanga akasema, "Haya, tazamaneni." Nikamtazama kaka yangu. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Naye alinitazama mimi, akanyamaza.

Mama akauliza, "Sasa, kati yenu ninyi wawili, mchawi ni yupi?"

Ndugu msomaji, usidhani jambo hili ni la watoto tu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeandika mara nyingi katika taarifa zake habari za wazee, hasa wanawake, waliouawa nchini mwetu kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yametajwa kuwa dalili inayowaponza. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka hamsini ya kuwapikia watoto na wajukuu! Tuna Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, nayo yamkataza mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi. Lakini sheria hufika mahakamani, haifiki njiani ambako watoto huanza kunong'ona.

Hata maneno yetu ya nyumbani huweza kuchukuliwa na kutisha. Wanyakyusa huwaita wazee wao waliotangulia abasyuka. Bibi msomi Monica Wilson, aliyekuwa Unyakyusa pamoja na mumewe kati ya mwaka 1935 na 1938, alieleza habari zao katika kitabu alichokitoa mwaka 1957. Hao ni baba na babu wa watu, hutajwa kwa heshima. Miaka ya mwanzo ya 2000 mtengenezaji wa filamu Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitoa filamu ya kutisha, akaiita Nsyuka. Simlaumu, maana hiyo ndiyo kazi yake, na filamu hutafuta jina lenye nguvu. Lakini mtoto wa Rungwe anayelisikia neno hilo kwanza kwenye filamu atadhani babu yake aliyekufa ni wa kukimbiwa. Sisi marehemu wetu twawaombea, hasa mwezi wa Novemba. Yafaa mtoto ajue hilo kabla ya kuona meno ya bandia.

Basi nifanye nini? Wengine watasema, "Zipigwe marufuku." Mimi niliyekwenda mwenyewe kwa sarafu za maparachichi sina uso wa kusema hivyo. Tena leo banda la video limo ndani ya simu, na simu imo mfukoni. Naona afadhali tufanye kama alivyofanya mama. Mtoto mdogo asitazame mambo ya kutisha peke yake chini ya blanketi. Aketi kati ya wakubwa. Mwonyeshe hila ya kusimamisha kamera. Mwambie ile damu ni rangi. Na sinema ikiisha usiulize tu, "Umeogopa?" Uliza pia, "Umemfikiria nani?" Maana woga wa mtoto hauridhiki na picha, hutafuta sura ya mtu anayemjua. Na sura iliyo karibu mara nyingi ni ya mtu asiye na wa kumtetea.

Kesho yake asubuhi nilimchukua yule binti wa kaka yangu, tukabeba kuni kavu na mkungu mdogo wa ndizi, tukapanda kwa bibi wa pale juu. Mtoto alijificha nyuma yangu, kisha akatoa sauti ndogo, "Shikamoo, bibi." Akajibiwa, "Marahaba, mjukuu wangu," akapewa hindi la kuchoma. Mpwa wangu aliyekuja nyuma yetu akamweleza bibi habari ya filamu, naye akataka kuiona. Tukaiegemeza simu kwenye sufuria.

Mfu alipoanza kurukaruka, bibi alicheka akapiga makofi. Lakini alipomkaribia yule aliyejificha, bibi alinyamaza ghafla. Binti alimtazama, akanigusa, akaninong'oneza sikioni, "Baba mdogo, tazama! Naye ameziba pumzi."