Benchi la Mbele: Barua ya Wazi kwa Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya

Kwa Katibu Mkuu, na kwa maaskofu, makasisi na wachungaji wa makanisa wanachama,



Mimi ni mweka hazina wa kanisa dogo katika mji wa soko huku Bonde la Ufa. Theolojia sikusomea. Kazi yangu ni kuhesabu sadaka kila Jumapili katika chumba cha nyuma, mbele ya mashahidi wawili, kuziandika daftarini na kuzipeleka benki Jumatatu. Daftari hilo ndilo limenisukuma niwaandikie.

Mwaka jana tulifanya harambee ya paa. Mgeni wa heshima alikuwa mwanasiasa. Jina lake tuliache. Ibada yetu huanza saa tatu, lakini siku hiyo tulimngoja hadi saa tano na nusu, mahubiri yakafupishwa, Meza ya Bwana ikasogezwa hadi Jumapili iliyofuata. Magari manne yalipoingia uwanjani, wahudumu waliwainua akina mama waliokuwa benchi la mbele. Mmoja wao ana miaka themanini na ushei, masikio yamechoka, na hukaa pale ili alisikie Neno. Alikalishwa karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki. Alichosikia siku hiyo anakijua yeye na Mungu wake. Mahali pake pakakaa walinzi wa mheshimiwa, mmoja kofia kichwani.

Mheshimiwa alipewa kipaza sauti wakati wa matangazo akaongea dakika arobaini, nyingi zikiwa za kumsema mpinzani wake. Kisha akainua bahasha na kutangaza shilingi 500,000. Vigelegele! Kasisi akamwekea mikono kichwani, akamwombea avuke salama mwaka 2027. Jioni tukafungua bahasha: 200,000. Zilizosalia zingekuja Jumanne. Jumanne zimepita nyingi. Nilipouliza niandike nini, nikaambiwa niandike 500,000, maana waumini walisikia kwa masikio yao wenyewe. Niliandika 200,000, na tangu hapo wazee wawili watatu wananisalimia kwa ncha za vidole.

Pesa zilizopungua nimeshazisamehe. Ile mikono kichwani ndiyo bado inanisumbua.

Zaburi ya 146 tunaisoma mazishini na kuisahau kwenye kampeni. Inatuonya tusiwategemee wakuu, kwa sababu pumzi yao nayo ni ya kuazima, na siku inapowatoka mipango yao huzikwa nao. Zaburi hiyo haiwatukani viongozi. Inawaweka katika kimo chao tu, kimo cha binadamu. Sisi tunamchukua mtu anayetafuta kazi, tunampandisha madhabahuni, tunampaka mafuta kama Daudi, halafu akishapata kazi anatupaka sisi kwa mgongo wa chupa. Tunalia kwamba tumesalitiwa, ilhali yeye alikuja kuomba kazi na sisi ndio tuliomwita mwokozi.

Nabii Samueli alikuwa muungwana kuliko wengi wetu. Wazee wa Israeli walipomtaka mfalme kama wa mataifa mengine, aliwasomea gharama mapema: wana wenu watakimbia mbele ya magari yake, mashamba yenu mazuri atawapa watumishi wake, mazao yenu atayatoza sehemu moja ya kumi. Nikisoma habari hiyo katika sura ya nane ya 1 Samueli na stakabadhi ya mshahara mkononi, naona makato ya nyumba asilimia 1.5, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, kodi ya mapato ikiwa juu ya hayo yote, na najisemea Samueli alikuwa amekadiria kwa huruma. Kodi si dhambi. Paulo katika Warumi 13 ametuagiza tuilipe, na mimi hulipa. Lakini watu wale waliambiwa bei kabla ya kununua. Sisi hutajiwa bei baada ya kiongozi kuapishwa.

Ndugu zangu, Baraza hili si changa katika mambo haya. Chimbuko lake ni mkutano wa Kikuyu wa mwaka 1913. Agosti 1986, chama tawala kilipotaka watu wapige kura kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea, mkutano wa wachungaji ulioitishwa na Baraza hili ulisema hapana. Mlolongo ukaja hata hivyo mwaka 1988, na walioiona siku ile bado wanasimulia jinsi foleni fupi ilivyotangazwa mshindi mchana kweupe. Jarida lenu la Beyond likaandika yaliyotendeka, likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Hapo ndipo akina Henry Okullu, Alexander Muge, David Gitari na Timothy Njoya walipokuwa wakihubiri huku majasusi wakiandika kwenye viti vya nyuma. Hawakuwa na chama. Serikali iliwaogopa kwa sababu haikuwa na kitu walichokihitaji kutoka kwake.

Halafu tukahitaji. Sijui tuliteleza wapi hasa, lakini ilipofika mwaka 2007 kila kabila lilikuwa na mgombea wake na kila mgombea alikuwa na maaskofu wake. Mnajua kilichofuata. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, ilihesabu vifo 1,133. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na waliokimbilia humo wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Waliolichoma hawakutoka ng'ambo. Walikuwa vijana wa nchi hii, ambamo wengi wetu tuna vyeti vya ubatizo. Februari mwaka ule, Baraza lilijitokeza na kukiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa waliegemea pande. Nilishukuru kwa toba ile, na bado nashukuru. Ila ilikuja baada ya mazishi.

Hilo ndilo ombi langu lote, kwa kweli: safari hii tutubu kabla. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027.

Najua mtaniambia kwamba hatua zimechukuliwa, na ni kweli. Septemba 2021, kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu wa Anglikana Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani, vigogo wakiwa wameketi pale pale. Julai 2024 Rais mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Novemba mwaka huo huo Rais akatoa mchango katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza urudishwe: shilingi milioni 2 za nyumba ya padri, pamoja na laki 6 zilizokuwa za kwaya na wenzao. Basi lililoahidiwa nalo likakataliwa. Wakatoliki si wanachama wenu, lakini siku ile nilitamani wangekuwa.

Katikati ya hayo palipita Juni 2024. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha hawakuishia Bungeni. Mitandaoni walitangaza kwamba watakuja makanisani pia, kuwazuia wanasiasa kushika vipaza sauti. Baadhi ya viongozi wetu walikasirika, wakasema vijana hawana heshima kwa nyumba ya Mungu. Mimi nilikumbuka meza zilizopinduliwa hekaluni, na aliyezipindua. Mwanangu ana miaka ishirini na mitatu. Tangu mwezi ule haji kanisani. Nikimuuliza, ananijibu swali kwa swali: "Baba, mheshimiwa bado anakuja?"

Sisemi Mkristo ajitenge na siasa. Tumeshatenda kosa hilo pia. Katika Waamuzi 9, Yothamu anasimulia miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa kwa sababu ya mafuta yake, mtini kwa sababu ya utamu wake, mzabibu kwa sababu ya divai yake. Wa mwisho kuulizwa ulikuwa mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukaialika miti mingine ijifunike kwa kivuli chake. Mti wa miiba una kivuli gani? Wahubiri wengi huusema vibaya mti huo na kuishia hapo. Mimi naona lawama iko pia kwa ile miti mitatu mizuri. Waumini wetu waaminifu, walimu, wauguzi, wenye maduka wasiopunja mizani, wote husema siasa ni mchezo mchafu, kisha wanashangaa kivuli kinachoma.

Kwa hiyo tupige kura, na tugombee. Ila tujue tunafanya nini. Mlinzi wetu wa usiku tulimdai cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi kabla ya kumpa rungu na tochi. Tulimpigia simu mwajiri wake wa zamani. Tulimpa miezi mitatu ya majaribio. Mtu tunayemkabidhi hazina ya kaunti au ya taifa tunamdai mstari mmoja wa Biblia na wimbo wa pambio. Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na maadili, inatupa haki ya kumdai zaidi. (Makanisa mengi yaliipinga Katiba hiyo kwenye kura ya maoni ya 2010, nami nilikuwa upande wenu. Nimeisoma sura hiyo mara kadhaa tangu wakati huo, na najuta kwamba sikuisoma kabla.)

Na tuwaombee viongozi, wa pande zote, kama Timotheo alivyoagizwa. Kumwombea mtu ni kukiri kwamba ana upungufu. Kumtabiria ushindi ni jambo jingine. Mwaka 2022 kila kambi ilikuwa na manabii wake, na wote walikuwa wameona ushindi. Tume ya uchaguzi ilipotangaza asilimia 50.49 kwa 48.85, manabii wa upande mmoja walipaswa kurudi mimbarini na kuomba radhi. Sikumsikia hata mmoja.

Nawaomba, basi, mtoe waraka mmoja, mfupi, usomwe katika makanisa yote wanachama Jumapili moja. Useme mwanasiasa anakaribishwa kuabudu, aje na familia yake, afike saa tatu kama sisi, akae penye nafasi. Asipewe kipaza sauti. Asiwekewe mikono kwa ajili ya kura. Akitoa sadaka, aitie kapuni kimya kama mjane wa senti mbili, na mweka hazina aandike kilichohesabiwa, wala si kilichotangazwa. Useme pia kwamba kasisi atakayevunja agizo hilo ataulizwa na askofu wake, kwa sababu sisi wazee wa kanisa hatuna ubavu wa kumuuliza. Nimejaribu.

Mtaulizwa, nani atajenga? Ni swali la haki. Makanisa mengi ni maskini na paa linavuja. Kwetu, baada ya zile 200,000 na kelele zake, tulianza kuchanga wenyewe kupitia simu, shilingi hamsini, mia, mia mbili. Orodha ninayo: majina 214, hakuna hata moja la mheshimiwa. Upande wa kwaya umeezekwa tayari. Upande wa mlango bado una turubai, mvua ya Aprili ikija tutahamia upande wa pili.

Benchi la mbele wamerudi wenyewe.

Wenu katika Kristo,
Mweka hazina