Arafa Pekee Haimbakizi Mwanafunzi Chuoni

Aghalabu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapotoweka madarasani, sisi husema amelemewa na masomo au karo. Sababu hizo zipo, na ufukara hautibiwi kwa maneno. Hata hivyo, wapo wanaopotea kwa jambo dogo mno: fomu isiyojazwa kwa wakati, tarehe iliyosahaulika, haya ya kuuliza. Wanauchumi wa tabia, akina Richard Thaler aliyetuzwa Nobeli mwaka 2017, hushikilia kuwa binadamu si mashine ya kupiga hesabu. Huahirisha, husahau, na msukumo mwepesi waweza kumwokoa.

Nchini Marekani, anayetaka msaada wa serikali sharti ajaze upya fomu ya FAFSA kila mwaka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, Benjamin Castleman na Lindsay Page walieleza jinsi wanafunzi wa mwaka wa kwanza walivyotumiwa arafa za kuwakumbusha na kuwaalika waombe usaidizi. Katika vyuo vya jamii, waliozipata waliwazidi wenzao kwa takribani pointi 12 za asilimia katika kurejea mwaka wa pili. Nani asingeshangilia?

Waama, shangwe hizo zilikuwa za mapema. Castleman huyo huyo na wenzake walipowafikia wanafunzi zaidi ya 800,000, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, hawakuona tofauti yoyote ya maana. Kwa maoni yangu, siri imo katika mtumaji. Arafa za awali zilitoka kwa shirika lililowahi kuwashauri wanafunzi hao wakiwa shule ya upili; hizi za baadaye zilitoka kwa asasi kubwa, za mbali.

Hapo ndipo suala hili linapotuhusu sisi wa Kiswahili. Mkopo wa HELB nao huombwa upya kila mwaka, na matangazo yake aghalabu ni Kiingereza cha ofisini. Chama chetu kina wanachama wa mwaka wa tatu na wa nne waliokwisha kupitia njia hiyo. Kila mmoja apewe wageni watano, awaandikie kwa majina yao, kwa Kiswahili cha ndugu kwa ndugu, na asiyejibu afuatwe bwenini. (Najua watakaosema kazi yetu ni mashairi na makongamano. Makongamano yahudhuriwe na nani?) Nambari za rununu, kwa ridhaa ya wenyewe, zikusanywe juma lile lile la usajili, kabla ya umati kutawanyika.