Madini yakiisha, kijiji kitabaki na nini?

Msomaji mpenzi, kabla ya kuketi na gazeti lako leo huenda umepiga mswaki, ukanawa uso kwenye sinki nyeupe, kisha ukaingia sebuleni penye kuta zilizopakwa rangi. Weupe wa dawa ya meno, weupe wa rangi ya ukutani na hata mng'aro wa vigae vya bafuni hutokana na madini yanayopatikana katika mchanga kama ule wa Kwale. Sisi wakazi wa mjini tunayatumia kila siku. Ni nadra kujiuliza yalichimbwa wapi, na ni nani aliyehama shamba lake ili yapatikane.

Sina budi kulileta swali hilo mbele yako kwa sababu linaanza kubisha hodi katika nyumba nyingi. Mwaka 2023 serikali ilitangaza orodha ya madini 14 ya kimkakati, na ikalegeza marufuku ya leseni mpya iliyokuwa imewekwa mwaka 2019. Tangu hapo macho ya wawekezaji yameelekea mlima Mrima, huko huko Kwale, wenye madini adimu yanayotafutwa na viwanda vya ng'ambo. Kakamega nako, dhahabu ya Ikolomani imezua mipango ya mgodi mkubwa, na mabishano makubwa pia.

Wengi wetu tunaoishi Nairobi, Mombasa au Kisumu tuna wazazi mashambani. Siku moja simu italia, na mzee atasema: "Mwanangu, kuna watu wa kampuni wamekuja kupima shamba. Wewe uliyesoma, wasemaje?" Utamjibu nini?

Wapo watakaomwambia asaini haraka, pesa ni pesa. Wapo watakaomwambia awafukuze wageni hao kwa mawe. Mimi ninaona kwamba wote wawili wamejibu kabla ya kupiga hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi na tufungue daftari, tuandike upande mmoja kinachoingia kijijini na upande wa pili kinachotoka.

Tuanze na Kwale, kwa sababu hesabu ya huko imefika ukurasa wa mwisho. Kampuni ya Base, iliyokuwa na wawekezaji wa Australia, iliununua mwaka 2010 mradi wa titani ambao kampuni ya Tiomin ya Kanada ilikuwa imeufuatilia tangu miaka ya tisini. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni mwezi Februari 2014. Kwa takriban miaka kumi, mgodi huo ulikuwa ndio mkubwa kuliko yote nchini, na ulitoa zaidi ya nusu ya thamani ya madini yaliyochimbwa Kenya.

Upande wa mapato si mtupu. Zaidi ya watu 1,000 walipata kazi hapo, wakiwemo wale wa kandarasi, na wengi wao walikuwa wenyeji wa Kwale. Vijana waliokuwa vibarua walifunzwa kuendesha mitambo na kutengeneza umeme. Watoto wengi walilipiwa karo kwa basari. Madarasa na zahanati zilijengwa, na wakulima wakasaidiwa kupanda pamba na viazi kwa ajili ya soko. Katika eneo ambalo kwa miaka mingi lililia kwamba limesahaulika, hayo si mambo madogo. Anayesema kwamba mgodi haukuleta chochote anamdhulumu mama ambaye bintiye alisoma hadi chuo kikuu kwa basari hiyo.

Sasa tugeuze ukurasa. Kabla ya tingatinga kuanza kazi, familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa, baadhi yao zikapelekwa Bwiti. Waliacha visima, makaburi ya wazee wao, mikorosho, miembe na minazi. Wewe mwanafunzi, hebu chukua kalamu. Mnazi hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, lakini ukishaanza huweza kuzaa kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwenye mnazi huuza nazi na madafu, huezeka kwa makuti, hufagia kwa chelewa na kupikia vifuu. Je, mnazi huo utaulipia bei gani kwa mkupuo mmoja? Ukimlipa mwenyewe mavuno ya miaka mitano, umemnyima mavuno ya miaka arobaini na mitano. Ndiyo maana ugomvi wa fidia huko Kwale ulianza mapema kuliko uchimbaji wenyewe. Mwaka 2001 wakulima walikwenda Mahakama Kuu mjini Mombasa, wakitumia sheria mpya ya mazingira ya mwaka 1999, na mahakama ikaizuia kampuni ya wakati huo kuendelea hadi masharti ya sheria hiyo yatimizwe.

Kisha kuna maji na udongo. Mchanga wa madini huchimbwa kwa tani nyingi, huchanganywa na maji hadi ukawa kama uji mwepesi, kisha husukumwa kwa mabomba mpaka kwenye mtambo unaotenga punje nzito na nyepesi. Punje nzito ndizo mali. Kazi hiyo haiwezekani bila maji mengi, ndiyo maana bwawa lilijengwa katika mto Mukurumudzi. Hata kama maji hayo hutumiwa tena na tena, mkulima aliye chini ya bwawa ana haki ya kuuliza mto wake utakuwaje kiangazi.

Udongo una jambo lake ambalo halionekani kwa macho ya haraka. Ardhi nzuri ni mchanganyiko: mchanga hupitisha maji, na udongo laini wa mfinyanzi huyashika maji hayo pamoja na rutuba. Mtambo ukishapita, hivyo viwili huwa vimetengana. Ukirudisha mchanga mtupu shimoni, utapata uwanja ambao mvua huupita kama chujio na mahindi hunyauka juu yake. Ili shamba liwe shamba tena, lazima vyote viwili vichanganywe upya, udongo wa juu uliohifadhiwa urudishwe, kisha kupandwe nyasi na mikunde na kungojwa. Ni kazi ya miaka mingi na gharama kubwa, na hufanywa wakati ambapo mgodi hauingizi tena hata senti.

Mwezi Desemba 2024 uchimbaji wa Kwale ulifika mwisho. Hapakuwa na hila. Mchanga wenye faida ulikwisha. Bandu bandu huisha gogo. Lakini mshahara unapokatika haumwumizi mfanyakazi peke yake. Humgusa mwenye nyumba ya kupangisha, mama wa mkahawa, mwendesha bodaboda na mwalimu anayengojea karo. Hapo ndipo tofauti ya kurasa zetu mbili inapoonekana: ukurasa wa mapato una tarehe ya mwisho, ilhali ule wa gharama unaendelea kuandikwa.

Ukitaka kuona hali hiyo ikiwa imekomaa, panda hadi bonde la Kerio, mahali paitwapo Kimwarer. Huko madini ya floraiti yalianza kuchimbwa mapema miaka ya sabini. Wenyeji waliohamishwa wamelalamika kwa miongo mingi kwamba walipewa Sh450 tu kwa ekari. Mgodi ulizaa mji mdogo wenye shughuli zake, na watu wakazoea kuutegemea. Bei katika soko la dunia ilipoanguka, uchimbaji ulisimama mwaka 2009, ukarudi, kisha ukafungwa tena mwaka 2016. Wafanyakazi walitawanyika, mji ukapoa, mashimo yakabaki. Aliyekuwa mtoto wakati wazazi wake wanahamishwa, leo ni mzee mwenye wajukuu na bado anadai fidia.

Je, sheria inasemaje? Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 nayo iligawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Juu ya hayo, kampuni yenye mgodi mkubwa hutakiwa kutia saini mkataba wa maendeleo na jamii na kutenga angalau asilimia moja ya mapato yake kila mwaka. Kwenye karatasi ni mambo mazuri. Hata hivyo, miaka mingi ilipita baada ya 2016 huku Kwale ikidai fungu lake la mrabaha. Asilimia kumi isiyofika kijijini haijengi hata choo cha shule.

Basi turudi kwa mzee aliye kwenye simu. Kwanza, mwambie asisaini siku hiyo. Hata mahari hupangwa kwa vikao. Pili, mwambie aulize mgodi utadumu miaka mingapi. Ukiwa ni wa miaka kumi, mjukuu wake aliye chekechea ataukuta umefungwa kabla hajamaliza sekondari. Tatu, aulize pesa za kufunika mashimo zimewekwa wapi, na ziwekwe kabla ya kuchimba, wala si baada ya mwekezaji kupanda ndege. Nne, ukoo mzima ukae chini, wanawake na vijana wakiwemo, kwa maana mara nyingi hatimiliki ina jina la baba ilhali jembe liko mkononi mwa mama. Na wewe wa mjini usimalizie kwa ushauri tu. Ripoti ya athari kwa mazingira hupelekwa NEMA na wananchi hupewa muda wa kutoa maoni. Ripoti hizo ni nene, zimejaa Kiingereza cha wataalamu. Huyo mzee alikusomesha. Isome, umweleze kwa lugha anayoielewa.

Tano, na hili ndilo gumu zaidi, tuwaulize wanaopinga kila mgodi watoto watapata karo kutoka wapi. Umaskini nao huharibu mazingira. Tazama jinsi misitu yetu inavyokatwa kwa ajili ya makaa. Kijiji kinaweza kukubali mgodi kikafaidika, mradi mapato ya miaka michache yageuzwe kuwa vitu vitakavyodumu: maji ya bomba, ufundi mikononi mwa vijana, shule, na shamba linaloweza kulimwa tena. Pia kinaweza kukataa. Kule Mrima kuna msitu unaoheshimiwa na Wadigo kwa tambiko, na yapo mambo ambayo hakuna mhasibu awezaye kuyaandikia bei. Jamii ikisema "hapa hapana" baada ya kupiga hesabu yake, jibu hilo nalo liheshimiwe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa. Basi mgeni anapokuja na tingatinga, kupona kwa mwenyeji kupimwe siku mgeni huyo anapoondoka. Leo mnapokula chakula cha mchana, wazazi, waulizeni watoto wenu: shamba la babu lingekuwa na dhahabu, mngefanya nini? Msikilize majibu yao kwa makini, kwa kuwa wao ndio watakaolirithi shamba hilo, likiwa na miti au likiwa na shimo.